Nukta ya Pili Machoni

Taa ilikuwa moja tu, lakini machoni mwa yule mama nukta za mwanga zilikuwa mbili.

Mpiga picha aliikuza sura kwenye kompyuta mpaka mboni ikajaa kioo kizima. Nukta ya juu aliifahamu. Ilikuwa taa yake mwenyewe, ile yenye mwavuli mweupe, ambayo huiweka kushoto kwa mteja na juu kidogo ya kichwa. Jicho huonyesha kilichosimama mbele yake, na fundi yeyote wa picha za sura atakwambia kwamba jicho lisilo na nukta hiyo huonekana limekufa. Ya chini ndiyo hakuijua. Ilikuwa nyembamba na ndefu, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Lakini dirisha lilikuwa na pazia zito, na mlango wa studio ulikuwa mgongoni mwa mteja.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Yeye akaipenda.

Mteja mwenyewe alikuja na miwani myeusi, akaivua pale tu alipoketi, na kabla ya kuondoka akasema, "Mwanangu, sura itengeneze upendavyo. Macho usiyaguse." Hakurudi kuchukua picha yake. Na mpiga picha hakuyagusa macho, kama kugusa ni kuharibu. Aliinakili tu ile nukta, akaihifadhi, na kila alipopata mteja mwenye macho ya usingizi akambandikia. Ni uvivu wa kifundi, na si yeye tu mwenye nao: badala ya kuhangaika na taa kwa kila anayeketi, unachukua jicho moja zuri unawagawia wote. Picha zikapendeza kweli. Mtaani wakaanza kumwita Daktari wa Macho, hadi ajuza mmoja akaja na mtoto wake wa jicho akitaka kutibiwa, ikabidi mke wa mpiga picha amweleze taratibu huku akijiuma midomo asicheke.

Kicheko kilikoma siku kinyozi wa jirani alipompasua mtu uso.

Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa watu. Mteja aliinuka kitini, akageuka kumshukuru, na kinyozi akamchana kwa wembe kutoka sikioni hadi mdomoni, akarudia, akarudia tena, mpaka damu ikachuruzika kwenye vioo vya ukutani. Walipomlaza chini alikuwa analia. "Sikumkata yeye," alisema. "Kuna mtu alisimama mbele yangu."

Wiki haikuisha, seremala akampiga ndugu yake nyundo ya paji la uso. Walikuwa wameshika ubao mmoja, wakitazamana, wakizungumzia mpira. Ndugu yule alizikwa kesho yake. Seremala alipoulizwa alijibu kama kinyozi: "Kuna mtu alisimama mbele yangu."

"Mume wangu," mkewe alisema asubuhi baada ya mazishi, kwa sauti ya chini ingawa studioni hapakuwa na mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akitia picha kwenye fremu, hivyo sura zote zilipita mikononi mwake. "Hawa wote tuliwapiga picha sisi."

"Nani mtaa huu hatujampiga picha?"

"Zitazame macho. Mimi juzi nilizigeuza ukutani, sikuweza kukaa nazo." Akaingia nyuma ya pazia la chumba cha ndani kumalizia kumsuka binti yao.

Mpiga picha akafungua picha ya kinyozi, akaikuza. Harufu ya nywele zilizoungua ikampita puani. Ile nukta haikuwa tena mlango ulioachwa wazi. Ilikuwa na mabega. Akafungua ya seremala, na humo ilikuwa na mikono, imesogea karibu zaidi, na nyuma ya kiti cha mpiga picha taa ambayo hakuwa ameichomeka popote ikaanza kupiga ule mluzi mwembamba wa taa inayojichaji. Akajiambia ni nyaya tu, akajiambia ni macho yake yamechoka, huku vidole vikiendelea vyenyewe kufungua picha ya fundi viatu na ya mkunga na ya pacha wa mwenye nyumba, na katika kila jicho kile kitu kilikuwa hatua moja mbele kuliko jicho lililotangulia, kirefu, hakina uso, mpaka akafika kwenye picha ya mwisho aliyoitengeneza, ya mtoto aliyekuwa na mafua, macho yamevimba, akitakiwa kupeleka picha shuleni, na baba yake akamwonea huruma akampa ile nukta ili apendeze kama wenzake. Katika macho ya binti yake hapakuwa na nafasi iliyobaki. Kitu kile kilikuwa kimeijaza mboni yote.

Nyuma ya pazia alisikia sauti ya mkewe. "Haya mama, nimemaliza. Geuka nikuone kama mstari umenyooka."

Alikimbia, akachelewa. Kitana chenye mkia wa chuma kilikuwa kimezama shavuni mwa mkewe, na mtoto akakichomoa, akakizamisha shingoni karibu na bega, akipiga kelele, "Toka! Toka mbele yangu!" Baba alimkumbatia kwa nyuma. Mtoto asiyeweza kubeba ndoo ya maji alimburuta chumba kizima, akamng'ata mkono hadi mfupani. Ni pale kiganja chake kilipomziba macho ndipo mwili ule mdogo ukalegea.

"Baba," alinong'ona, "mama yuko wapi?"

Wakamfunga mtoto macho kwa leso. Mama alikuwa ameegemea ukuta, taulo limelowa damu, na alikataa katakata kupelekwa hospitali kabla mwanawe hajaondolewa kile kitu. Akaitwa shangazi wa mpiga picha, mganga, ambaye ukoo mzima humkimbilia na kisha humsema vibaya. Alifika na kitambaa cheusi na ubani, lakini hata ubani hakuuwasha. Aliinamia kompyuta.

"Hiki ulikipata wapi?"

"Nilikinakili kwa mteja, shangazi. Alikataza."

"Yule alikuwa kiti cha jini huyu, wamezoeana. Wewe ukamgawa kama peremende."

"Nitazifuta zote."

"Ukizifuta zote atakosa pa kukaa, na atamshika moja kwa moja aliyemzoea karibuni. Mtoto." Akashusha sauti. "Mpe kiti kimoja kwanza. Kisha futa."

"Kiti gani?"

Shangazi alikuwa anamtazama yeye machoni, na mpiga picha akaelewa. Aliogopa, tena sana. Lakini akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaitegesha kamera ijipige, na sura yake ilipotokea kwenye kompyuta akaibandika nukta katika macho yake mwenyewe.

Kisha akafuta. Kinyozi, seremala, mkunga, na wengine wote, na kila picha ilipokwenda mluzi wa taa ulipanda, harufu ya nywele ikamjaa kooni mpaka akatapika kwenye meza na kuendelea kufuta juu ya matapishi. Ya binti yake aliifuta mwisho. Nyuma ya pazia mtoto akalia kilio cha kawaida, cha kuomba maji, na baba akasikia moyo unataka kupasuka kwa furaha.

"Fumba macho," shangazi alisema, akinyoosha kile kitambaa. "Usimtazame mtu."

Lakini mtoto alishaivua leso na kutoka mbio, na baba gani asingegeuka? Pazia lilifunguka. Aliyesimama pale alifika dari, hana uso, mikono ameitanua. Mpiga picha akaona mikono yake imeshanyakua mguu wa taa na kuuinua juu.

"Baba?" Sauti ilitoka kifuani mwa kile kitu.

Chuma kikasita. Alitaka kukiweka chini, mikono ikakataa, inataka kupiga, lazima ipige. Basi akaielekeza pale pekee ilipokubali kwenda. Akajipiga usoni kwa ile taa, upande wa balbu, mara moja, na tena, na tena, hadi vioo vikamwingia machoni na mwanga ukazimika. Akaanguka.

Giza likatulia. Hakuna mluzi, hakuna harufu ila ya damu yake. Mkono mdogo ukaingia ndani ya kiganja chake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Imekwisha. Hatakugusa tena."

Mkono ukambana kwa upole.

Kutoka upande wa pili wa chumba, kule mlangoni, kifuani mwa mama yake, binti alikuwa analia kwa kwikwi. "Mama," aliuliza, "baba anaongea na nani?"