Kipoza cha Bei ya Kuruka

Mtaani walimwita Mama Harusi, ingawa harusi aliyofunga ilikuwa moja tu, ya kwake. Kazi yake ilikuwa kuhariri video za harusi za watu. Kila asubuhi, watoto wakishaenda shule, alifuta meza, akawasha kompyuta, akaanza kukata na kuunga. Shangazi aliyeteleza akicheza alimtoa. Bwana harusi aliyelia alimbakiza.

Mume wake alikuwa fundi wa makochi. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa na longolongo. Lakini alikuwa na msimamo wake mmoja: kitu kipya hakivuliwi nailoni. Kochi lao lilikuwa na nailoni. Rimoti ilikuwa na nailoni. Mgeni akikaa sebuleni, kochi lililalamika, naye akateleza kidogo kidogo mpaka magoti yakagusa meza.

"Nailoni ndiyo uhai wa kitu," fundi alisema, na hapo hakuna aliyemweza.

Zamani Mama Harusi aliajiriwa kwenye studio ya mtu waliyemwita Bosi. Bosi alilipa mshahara siku akijisikia. Mama Harusi akachoka, akaacha kazi. Akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaanza kujitegemea. Bosi alicheka sana. Watu wa aina hiyo hucheka mapema.

Sasa siku moja feni ya kompyuta ikaanza kunguruma. Ilikuwa feni ya prosesa. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi inapata moto. Juu yake hukaa kipoza: bati nyingi nyembamba zilizopangwa pamoja, na feni ya kuzipuliza. Mama Harusi akanunua kipoza kipya cha bei ya kawaida. Mumewe akakifunga mwenyewe. Skrubu zote zilikaa barabara, na mikono ya fundi ilionekana.

Kesho yake kompyuta ikazima katikati ya kazi. Akaiwasha. Ikazima tena.

"Mume wangu, hii itanitia aibu," alisema. "Mteja anakuja Jumapili. Akikosa video, atachukua picha zake na kuzipeleka kwa Bosi."

Fundi aliumia moyoni. Bila kumwambia mkewe, akaenda kumuuliza Bosi, maana Bosi aliuza pia vifaa vya kompyuta. Jioni hiyo Bosi akaja mwenyewe, amekumbatia boksi kubwa. Akakaa kwenye kochi. Akateleza.

"Nilijua tu," alisema akijivuta juu. "Umenunua kipoza rahisi. Kazi ya video inataka hiki hapa. Feni mbili! Bati marundo mawili! Ndicho ninachotumia mimi."

Mama Harusi akauliza bei. Alipoambiwa, akapiga hesabu. Bei hiyo ingenunua vipoza vinne kama chake.

"Kitapunguza joto kiasi gani kwenye kompyuta yangu?" akauliza.

"Kitapunguza sana."

"Sana ni kiasi gani?"

"Mama, wewe unataka kufanya kazi au unataka kuuliza maswali? Kama huwezi kununua, rudi studio. Mashine zangu hazizimi."

Fundi akakohoa. "Mke wangu, nina cherehani mbili. Naweza kuuza moja."

"Cherehani haiuzwi!" Mama Harusi alisimama. "Unauza chombo cha kazi ili ununue nini? Hata ugonjwa hatujaujua. Bosi, beba boksi lako. Sinunui mpaka nijue tatizo, na studio kwako sirudi."

"Jumapili utanitafuta," Bosi alisema.

"Kaa unisubiri."

Bosi akatoka na boksi lake. Fundi akabaki anamtazama mkewe. Alimwogopa kidogo, akampenda zaidi.

Asubuhi Mama Harusi akagonga kwa jirani yake, mwanamke aliyefundisha ufundi wa kompyuta chuoni. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu.

"Jirani, njoo uniangalizie mgonjwa," alisema. "Lakini usiniambie ninunue. Niambie kwanza anaumwa nini."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," Mwalimu alijibu.

Kompyuta ilikuwa ndani ya kabati ambalo fundi alilitengeneza kuzuia vumbi. Fundi naye akasogea kutazama. Mwalimu akaitoa, akafungua ubavu wake, akaiwasha. Akafungua programu ya kupima joto. Mama Harusi akaanzisha kazi ya video. Namba kwenye kioo zikapanda haraka: nyuzi sabini, themanini, tisini.

"Sasa shika pembeni mwa zile bati," Mwalimu alisema. "Usiguse feni."

Mama Harusi akagusa kwa woga. Akashangaa. "Mbona ni vuguvugu tu?"

"Prosesa inaungua, bati ni vuguvugu. Kwa hiyo moto uko wapi?"

Mama Harusi akafikiri. "Umebaki chini. Haupandi."

"Umeona? Kama moto haupandi, hata ukifunga feni kumi zitapuliza bure. Kuna kitu kimeziba njia."

Mwalimu akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akasubiri ipoe. Kisha akafungua skrubu moja moja, akakiinua kipoza na kukigeuza. Chini yake, palipotakiwa kugusana na prosesa, palikuwa na nailoni nyembamba inayong'aa. Ilikuwa na maandishi mekundu: BANDUA KABLA YA KUFUNGA.

Wote wawili wakageuka kumtazama fundi.

"Kilikuwa kipya!" fundi alisema. "Kitu kipya nikivue?"

Mwalimu alicheka mpaka akajishika ubavu. Mama Harusi hakucheka mara moja. Alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Cherehani nzima nusura iuzwe kwa ajili ya kipande cha nailoni! Kisha akaona jinsi mumewe alivyoinamisha kichwa, na yeye naye akaangua kicheko.

"Sikuyasoma yale maandishi," fundi alikiri. "Nisamehe."

"Nimekusamehe. Bandua sasa hivi, kwa mkono wako."

Fundi akabandua. Mwalimu akafuta krimu ya kupitisha moto iliyobaki juu ya prosesa tangu kipoza cha zamani, akaweka tone dogo la krimu mpya. "Hii inajaza mianya midogo ili moto upite," alisema. "Tone linatosha. Usipake kama siagi." Akarudisha kipoza.

"Na lile kabati?" Mama Harusi akauliza.

"Kipoza cha feni hakitengenezi baridi. Kinachukua moto na kuutupa kwenye hewa. Ukiifungia kompyuta kabatini, inapuliza moto wake na kuuvuta tena. Iache mezani, mbali na ukuta. Vumbi utalitoa kwa brashi, ukiwa umeizima."

Wakaanzisha ile ile kazi ya video. Namba zikapanda mpaka nyuzi sitini na kitu, zikatulia hapo. Kompyuta haikuzima.

"Kwa hiyo kile cha Bosi ni utapeli?" fundi akauliza.

"Hapana, tusimwonee. Ni kizuri. Kinapoza zaidi, feni zake zina sauti ndogo, na hudumu. Mwenye prosesa kubwa inayokula umeme mwingi kutwa nzima, kinamfaa. Anayerekodi sauti na hataki kelele, kinamfaa pia. Lakini prosesa yako, jirani, ni ya kati. Kingekupunguzia nyuzi chache tu, na hizo chache zisingeiharakisha video yako."

"Hilo ndilo nililomuuliza akakasirika," Mama Harusi alisema. "Mtu anayeuza kitu asipotaka kuulizwa kinafanya nini, mimi pesa yangu naifunga."

Jumapili mteja alikuja. Alitazama video ya harusi ya mwanawe, akalia, akalipa, akaagiza nyingine. Alipokuwa anatoka, alipishana mlangoni na Bosi aliyeingia na lile boksi.

Bosi alisimama. Kompyuta ilikuwa mezani, inafanya kazi kimyakimya.

"Umenunua kipoza gani?" akauliza.

"Kile kile."

"Haiwezekani."

"Njoo usome mwenyewe hapa kwenye kioo."

Bosi akainama, akasoma. Akasoma tena. Akakohoa. "Sawa. Lakini hiki ni bora zaidi. Nitakupunguzia bei. Wewe ni mtu wangu."

"Mimi si mtu wako, Bosi," Mama Harusi alisema bila kuinua sauti. "Siku nikinunua prosesa kubwa inayokihitaji, nitakuja dukani kwako. Nitauliza maswali yangu yote, nawe utayajibu, na nikiridhika nitalipa. Nitakuja kama mteja."

Kisha akamfungulia mlango, akarudi kwenye kazi yake.