Aliyekuja Kupanda Baiskeli ya Reinier

Kitovu cha gurudumu la nyuma kilikuwa na joto. Zenaida alikigusa asubuhi, kabla hata hajawasha jiko la mafuta ya taa, akaurudisha mkono haraka. Baiskeli ilikuwa palepale ukutani alipoiegemeza, na tangu aimalize hakuna aliyeipanda. Mwenye kuipanda alikuwa mmoja tu, na huyo walikuwa wamemzika Machi.

Mtaa mzima pale Cárdenas ulijua kwamba Zenaida si fundi wa kubabaisha. Miaka ile petroli ilikuwa imebaki hadithi, mabasi yameota kutu, na Kuba nzima inakwenda kwa pedeli, basi ua wake wa nyuma ukawa hospitali ya baiskeli. Pedeli alichonga kwa mti wa mpera. Breki alikata kwenye tairi la lori. Tyubu alizibandika viraka kwa pasi ya nguo, na aliyekosa tairi kabisa alifungiwa bomba la kumwagilia bustani kwenye ringi, akaenda zake akitikisika meno, lakini akafika. Hakuna kilichotupwa. Hiyo ndiyo sheria pekee iliyofuatwa na watu wote bila kusimamiwa na askari.

Na ndiyo iliyomponza. Reinier, mwanawe wa pekee, aligongwa na lori kwenye njia panda ya kuendea Varadero, jioni moja umeme umekatika. Polisi walipoleta vyuma vilivyobaki, kila mtu alijua vinavyofanywa vitu vya namna hiyo: hupelekwa kwa Nicolasa, bibi mganga wa mtaa, vikaombewa na kuoshwa kwa maji ya maua, au vikafukiwa. Hata wale wa Chama cha Kikomunisti, waliosema mchana kwamba mizimu haipo, waliosha vyao usiku. Zenaida hakuosha wala hakufukia. Alililia ile fremu iliyopinda mpaka sauti ikamkauka, kisha akachukua jeki, akaikaza baina ya fremu na mwimo wa mlango, akaanza kuinyoosha. Mtoto hakuweza kumtengeneza. Baiskeli aliweza.

Ilimchukua wiki nyingi. Foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, ilitoka kwenye baiskeli ya marehemu mmoja wa mtaa wa pili, tandiko alilishona kwa ngozi ya kiti cha basi bovu, gololi alizichambua moja moja kutoka kwenye mashine ya kufulia ya Kirusi. Mumewe, Evelio, alikaa kizingitini akimwangalia. Tangu msiba alikuwa mtu wa kuangalia tu.

Baada ya lile joto ikaja harufu. Jioni umeme ulipokatika, ua ulinuka dizeli na miwa iliyochacha, ingawa hakukuwa na lori wala shamba karibu. Kisha glasi ya maji waliyomwekea Reinier rafuni, kama kila nyumba inavyowawekea wafu wake, ikaanza kuota utando wa mafuta juu. Zenaida aliyamwaga, akaweka mengine. Asubuhi yalikuwa vilevile.

Kisha Evelio akaanza kutoka jioni. Alirudi ametota jasho, macho yanang'aa, na kila siku mwili wake ulikuwa umepungua kidogo, hata mkanda ukabidi utobolewe tundu jipya.

"Umeipanda," Zenaida alimwambia, akimwekea sahani ya wali na maharage meusi.

"Kidogo tu."

"Kidogo mpaka wapi?"

Evelio alitazama mlango, akashusha sauti. "Anakaa nyuma, kwenye keria. Nausikia uzito wake. Ananisimulia mambo, mke wangu. Anacheka vilevile."

"Evelio."

"Anataka nimfikishe njia panda. Nimemkatalia. Ila jana nilifika karibu sana, nikaona taa za malori."

Zenaida hakula. Kesho yake jioni alimfungia mumewe chumbani, yeye akakaa uani na baiskeli, gizani, spana mkononi, akijiambia kwamba mwanamke aliyenyoosha chuma kwa jeki hawezi kuogopa chuma hichohicho, na kwa kitambo kirefu hakukuwa na kitu ila mbu na redio ya betri ya jirani, mpaka redio ikanyamaza katikati ya wimbo, na friwili ya gurudumu la nyuma ikaanza kulia, tik, tik, tik, polepole, kama baiskeli inayokokotwa na mtu aliyechoka, ilhali gurudumu analiona halizunguki, na ile dizeli ikamjaa kooni, na tandiko alilolishona kwa mkono wake likalia na kubonyea, likabonyea zaidi, na sauti ya Reinier, ileile yenye mkwaruzo wa sigara, ikamwambia karibu na sikio, "Mama, mnyororo umekauka. Nipakie mafuta."

Zenaida alitaka kuinuka amkumbatie. Kilichomzuia ni kwamba Reinier, tangu aote ndevu, hakuwahi kumwita mama. Alimwita bi mkubwa, hata mbele ya wageni, hata akiwa na homa.

Lakini mafuta aliyapaka. Machozi yalimwagika, na akayapaka, ili aisikie ile sauti ikisema asante.

Asubuhi alikwenda kwa Nicolasa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, biri la tumbaku limezimika mdomoni.

"Wewe Mungu alikupa mikono," alisema, "akasahau kukufungia breki."

"Nitukane baadaye, Bi Nicolasa. Ni mwanangu?"

"Reinier ametulia, mwanangu. Nimemwombea mwenyewe. Huyo ni wa njia panda, wale waliokufa hawana hata mtu wa kuwawekea glasi ya maji. Umetengeneza kiti hakina mwenyewe, akaja wa kukikalia. Akaikuta sauti ya mtoto imebaki kwenye chuma, akaivaa."

"Anatokaje?"

"Mkono uliofunga ndio ufungue. Kila kipande kiende kwa mtu tofauti, visikutane tena." Nicolasa aliliwasha tena biri, akakwepa kumtazama. "Ila usije ukasema sikukwambia. Nguo aliyoivaa ataondoka nayo."

"Nguo gani?"

"Sauti. Kicheko. Hamtabaki nayo kichwani, si wewe si Evelio."

"Na nisipofungua?"

"Utamvalia Evelio nguo nyeusi kabla ya mvua."

Jioni hiyo Nicolasa alisimama mlangoni na tawi la mrehani, akipuliza ramu kwa mdomo kila pembe ya ua. Zenaida aliilaza baiskeli kifudifudi juu ya gunia. Alipoishika nati ya kwanza, Evelio akatoka ndani, akapiga magoti, akalikumbatia tandiko.

"Acha," alisema.

"Si yeye, Evelio."

"Najua si yeye. Unafikiri mimi mjinga? Najua tangu siku ya kwanza." Alikuwa akilia bila kuficha. "Niachie hivyohivyo."

Zenaida alimbandua vidole kimoja kimoja. Havikuwa na nguvu ya kushindana naye, na hilo lilimuumiza kuliko maneno. Akafungua gurudumu la mbele, na nyuma yake sauti ikamwita mama, kwa upole kwanza, ikamkumbusha siku ya kumfundisha kuendesha ufukweni, jinsi alivyokimbia nyuma ameshika keria na kuapa kwamba hataachia, naye akaachia. Akafungua mnyororo, na sauti ikacheka, kile kicheko cha kujikwaa katikati, na Evelio akacheka nacho huku analia. Akafungua foku, pedeli, usukani, na sauti ikawa ya kijana, ikawa ya mtoto, ikawa ya kichanga kinachotaka titi, na maziwa yaliyokauka zaidi ya miaka ishirini yakamchoma kifuani, naye akaendelea kuzungusha spana, akiuma mdomo mpaka damu, kwa sababu mbele yake alikuwa na mwanamume aliye hai, mwepesi kama shati, na huyo ndiye aliyebaki wa kuokolewa.

Nati ya mwisho ilianguka kwenye gunia. Redio ya jirani ikarudi.

Vipande vilisambazwa kesho yake. Foku ilikwenda Matanzas, ringi Jovellanos, mnyororo ukavuka mpaka Colón kwa mkokoteni wa farasi. Harufu ikaisha. Maji rafuni yakabaki meupe. Evelio akaanza kula, kisha kunenepa, na majirani wakampongeza Zenaida. Mume hakumpongeza. Alimsemesha kuhusu chumvi na mkate, basi.

Jumapili moja baada ya chakula Evelio aliingia chumbani, akarudi na picha ya Reinier aliyopigwa kwenye harusi ya binamu yake, kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi. Akaiweka mezani katikati yao.

"Hapa alikuwa anacheka," alisema.

"Ndiyo."

"Nifanyie. Alikuwa anachekaje?"

Zenaida alivuta pumzi, akafungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena, na koo halikumpa kitu. Evelio naye alijaribu, taratibu, ikatoka kikohozi tu.

Zenaida alivuta kiti chake mpaka upande wa mumewe, na Evelio hakumzuia. Wakakaa wawili wakimtazama mtoto wao akicheka, mpaka umeme ukakatika.