Mkasi Haupanguswi kwa Leso

Mwaka ule wa 1946, Swabaha alikuwa hatulii. Akianza kuchambua mchele, huinuka kwenda dirishani. Akirudi, amesahau alipoachia. Wali wa mchana ukaliwa na vijiwe vyake.

"Una nini, mwanangu?" mamake, Bi Mwanaesha, aliuliza. "Wenda huku, warudi huku, kama kuku atafutaye pa kutaga!"

"Sina kitu, mama."

Alikuwa nacho. Kwa miaka miwili alitoka kwao Bondeni kila asubuhi, buibui juu ya sare nyeupe, kwenda kujifunza ukunga katika hospitali ya wazazi. Sasa ulibaki mtihani mmoja tu. Alitakiwa kuzalisha nyumbani kwa mtu, mbele ya mwalimu wake, Nesi Priscah. Akifaulu, atapewa cheti. Akikosea, ndiyo basi.

Na wiki iliyopita alikosea katika mazoezi. Alichemsha mkasi wa kukatia kitovu kwa dakika ishirini, sawasawa. Kisha akaupangusa kwa pindo la leso aliyojifunga. Si ndivyo wanawake wote wa Bondeni wafanyavyo? Kwa leso hupangusa bilauri, pua ya mtoto, hata machozi.

"Lakini leso ni safi!" alijitetea. "Nimeifua leo."

"Safi kwa macho," alisema Nesi Priscah. "Vijidudu vya pepopunda havionekani. Vimo vumbini, vimo nguoni. Vikiingia katika kitovu kibichi, mtoto hukaza taya. Hawezi kunyonya. Mwili hukakamaa, na mara nyingi hufa. Moto ulikuwa umeviua. Wewe umevirudisha."

Swabaha aliijua taya ile. Wifi yake, Sheikha, mke wa kaka yake Jaffar, alizaa mtoto wa kwanza katika nyumba yao. Siku ya saba mtoto akakaza taya, akafa. Watu walisema ni dege, shetani wa watoto. Mkunga alikuwa Bi Mwanaesha mwenyewe. Alikata kitovu kwa wembe wake, akakipaka samli na masizi kikauke upesi.

Swabaha hakuwa na moyo wa kumwambia mamake. Na sasa Sheikha alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Jumanne asubuhi uchungu ukamshika Sheikha. Swabaha alikimbia hospitali, akarudi na Nesi Priscah.

"Mtihani wako ndio huu," nesi alimwambia mlangoni.

Ndani, Bi Mwanaesha alikuwa ameshatoa wembe wake. Majirani wawili walikuwa wameketi mkekani.

"Shikamoo, Bi Mwanaesha," nesi alisema. "Leo naomba Swabaha azalishe. Wewe kaa kichwani pa mkweo, umtie nguvu."

"Marahaba. Haya," alijibu, huku amekunja uso.

Swabaha alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Mkasi na nyuzi vilikuwa vimeshachemka. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alizaliwa, akalia kwa nguvu. Swabaha akamweka kifuani pa Sheikha, akamfunika.

Bi Mwanaesha aliuona mkasi sahanini, unatiririka maji. Kwa nia njema tu, akauchukua na kuupangusa kwa leso yake.

Nesi Priscah alimtazama Swabaha.

Swabaha amkosoe mamake mbele ya majirani?

"Mama, nipe mkasi. Naurudisha motoni."

"Motoni! Na mtoto angoje?"

"Mtoto hana haraka. Yuko kifuani pa mamake, ana joto, apumua vyema. Kitovu chaweza kungoja."

"Leso yangu ina uchafu gani?" Sauti ya Bi Mwanaesha ilikatika.

"Si uchafu wako, mama. Ni vijidudu, hatuvioni."

Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko miaka miwili ya mafunzo. Kisha Swabaha alinawa tena. Akafunga kitovu mahali pawili kwa nyuzi zilizochemshwa, akakata katikati.

"Hutii hata masizi?" mamake aliuliza.

"Sitii kitu. Kitakauka chenyewe."

Sasa asiyetulia akawa Bi Mwanaesha. Kila saa alikwenda kumfunua mtoto, akimtazama taya. Siku ya saba mtoto alinyonya mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Sheikha alicheka.

Bi Mwanaesha alimvuta Swabaha jikoni. "Yule wa kwanza," alisema, "ni wembe wangu?"

"Hukujua, mama."

"Nakuuliza."

"Nadhani ndio, mama."

Bi Mwanaesha akakaa chini. "Na wangapi wengine?"

Swabaha alilia, na mamake akalia naye.

Swabaha alipata cheti chake. Jumatatu ile ile ya siku ya saba, Nesi Priscah alikuwa na darasa la wakunga wa mitaani. Bi Mwanaesha alikwenda, akajifunza kuchemsha mkasi na kuutoa bila kuugusa kwa nguo. Darasa lilipokwisha, hakurudi nyumbani. Alimchukua Swabaha, wakaenda kwa Mejumaa, jirani aliyezika watoto wawili waliozaliwa mikononi mwa Bi Mwanaesha, na sasa alikuwa na mimba.

"Karibu, Bi Mwanaesha," Mejumaa alisema. "Naona umekuja kunitazama tumbo."

"La, mwanangu," alijibu, bado amesimama mlangoni. "Leo nimekuja kukuomba radhi. Kisha tutasema habari za huyu wa tumboni."