Nikupunguzie Nani?

Sogeeni, wajukuu. Nawe uliyekaa mlangoni, ingia ndani, mgongo wa mtu hauachwi nje saa hizi. Zimeni hizo simu. Msizigeuze kifudifudi tu, zimeni. Mwenye karanga mdomoni ameze. Hadithi hii haitaki kelele. Ikisikia kelele inadhani imeitwa.

Mmenyamaza?

Haya.

Palikuwa na binti akiitwa Devota, akikaa Majengo, Dodoma mjini, kwa mama yake mdogo. Mchana aliuza chaja na makava ya simu. Na alikuwa na ndugu yake, Frida, mtoto wa mama yake mkubwa, huko Hombolo kwenye mashamba ya zabibu. Walilelewa pamoja hao. Walilala kitanda kimoja, wakagawana uji na chawa. Hata Devota alipohamia mjini hawakuachana, maana walikuwa na mchezo wao.

Siyo rede, siyo bao. Mchezo wa kwenye kompyuta. Mtu amekaa kitini kwake, lakini humo ndani anapewa mwili mwingine. Anapanda farasi. Anapigana na majoka yenye mabawa. Akichoka kupigana anajenga, analima, anafuga. Na hakuna ukuta wa kukwambia mwisho ni hapa. Unakoelekea ndiko kunakofunguka. Wenyewe waliuita Nchi. "Baadaye, tukutane Nchi," ndivyo walivyoagana.

Kila jioni waliingia wanne. Devota kutoka Majengo, Frida kutoka Hombolo, Geofrey fundi simu, na Hamidu, Mrangi wa Busi aliyekuja mjini kutafuta maisha. Walivaa visikilizio masikioni, wakawa wanaongea kama watu waliokaa jamvi moja.

Sasa, humo Nchi wale ndugu wawili walikuwa na nyumba ya mawe juu ya kilima. Kila jiwe lilibebwa na Devota. Frida alikuwa mtu wa kupanda farasi na kuua majoka, na alikuwa hodari kweli, hamumwezi. Lakini wageni wakifika pale walisoma nini juu ya mlango?

"Karibuni nyumbani kwa Frida."

Devota alicheka nao. Moyoni paliwasha. Wivu, wanangu, hauanzi na panga. Unaanza na jina lililoandikwa juu ya mlango.

Ikafika Juni, ule mwezi ambao upepo wa Dodoma unaingia hadi kwenye mifupa. Duka la mtandaoni, lile linalouza michezo, likatangaza punguzo. Ng'ambo ya milima ya Nchi kulikuwa na eneo jipya, Bonde la Juu, linauzwa peke yake. Asiye nalo haingii, anabaki huku chini. Na punguzo lilikuwa linaisha siku hiyo jua likizama. Devota hakuwa na kitu. Hakuwa nacho, na alikuwa hajamwambia mtu.

Jioni ile mama mdogo akamtuma. "Devota, kafuate unga mashine kabla hawajafunga. Na hivyo vidude vya masikioni uvitoe, utagongwa na bodaboda."

"Ndiyo, mama mdogo."

Akatoa kimoja. Kimoja akakiacha.

Akawa anatembea huku anawasikiliza wenzake kupitia simu, yeye kimya, wao wakidhani ameshatoka.

"Hamidu, umelipia?" Geofrey aliuliza.

"Kitambo. Na nimemnunulia na Frida."

"Mrangi katoa zawadi? Leo mvua itanyesha Juni."

"Nyamaza, Mgogo wewe. Wewe hata pole hujawahi kumpa mtu."

Frida akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri yule mtoto, kama maji yanavyomiminwa mtungini.

"Na Devota je?" Geofrey aliuliza.



"Devota atabaki kulinda nyumba," Frida alisema. "Si kuna kuku?"

Wakacheka wote. Ulikuwa utani tu, utani wa ndugu, mngecheka hata nyinyi. Lakini Devota alisimama katikati ya njia na ndoo yake tupu.

Kuku!

Mkono wake ndio uliojenga nyumba ile. Na leo yeye ndiye wa kubaki na kuku.

Akapita nyuma ya maghala ya nafaka. Pale mchana huwa kuna kina mama wanaookoteza nafaka iliyomwagika kwenye magunia, wanaipepeta na kuiuza. Saa ile walikuwa wameshaondoka. Alibaki bibi mmoja. Amekaa chini, kanga ameivuta hadi kwenye nyusi, ungo mapajani, anapepeta uwele.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Devota akasikia harufu. Harufu ya udongo uliolimwa sasa hivi, udongo mbichi, wa mvua ya kwanza. Mvua ambayo ilikuwa na miezi haijaonekana.

Halafu akaona makapi. Upepo ulikuwa unavuma kwenda machweo, unapeperusha mifuko na vumbi. Makapi ya bibi yule yalikuwa yanakwenda kinyume chake.

"Shikamoo, bibi."

Bibi hakuitikia marahaba.

"Punguzo linaisha jua likizama," alisema.

Devota akadhani ni mambo ya uwele. Wachuuzi wote husema hivyo jioni.

"Nikupunguzie nani?" bibi aliuliza.

Devota akatabasamu. Mnawajua watoto wa mjini. Akisikia mtu wa kijijini Kiswahili kimempiga chenga, lazima amsahihishe. "Bibi, sema *nini*. Ukisema *nani* unauliza mtu."

Bibi akainua uso. Akacheka bila sauti. Meno yalikuwa yote kinywani, meupe, madogo madogo, kama ya mtoto ambaye hajang'oka jino hata moja.

"Nimesema nani," alinong'ona.

Sikioni bado walikuwa wanacheka. Frida alikuwa anaiga sauti ya kuku. Mdomo wa Devota ukafunguka wenyewe.

"Frida," alisema.

"Abee?" Frida aliitikia sikioni.

Ungo ukasimama.

Bibi akaokota punje moja ya uwele. Moja tu. Akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akakaza fundo kwa meno.

"Amepungua," alisema.

Sikioni pakawa kimya.

"Frida?" Hamidu aliita. "Oya, Frida... Amekatika huyu. Mtandao wa Hombolo nao."

Devota aliondoka kwa haraka, hakugeuka nyuma. Akachukua unga, akarudi nyumbani, akapika, wakala. Alijiambia: nilikuwa namwita Frida kwenye simu, nimwambie kwamba nimesikia. Ndivyo alivyojiambia. Alijiambia zaidi ya mara moja.

Alipofungua kompyuta, Bonde la Juu lilikuwa lake.

Limeandikwa zawadi. Pa jina la mtoaji palikuwa patupu.

Akaingia. Wanangu, lilikuwa zuri. Mito, miamba kama ile ya kwetu, mikubwa, imepandana. Na katikati ya bonde nyumba ya mawe kubwa kuliko ile ya kilimani, na juu ya mlango pameandikwa *Nyumba ya Devota*. Mbele yake shamba. Nchi ile ina ngano tu, hata Hamidu alilisema hilo baadaye. Lakini hili lilikuwa shamba la uwele.

Na humo shambani watu wanalima. Wamejipanga mstari, migongo imeinama, nyuso chini.

Ku... ku... ku... Majembe yaliingia ardhini kwa pamoja.

Hamidu na Geofrey wakamfuata huko.

"Devota, hii umejenga lini?" Geofrey aliuliza. "Dada, umetuficha mambo."

"Na hawa vibarua je?" Hamidu alisema. "Hawapumziki. Mimi mfanyakazi wangu akilima hatua mbili anataka kula."

"Tajiri Devota, utukumbuke."

Devota alicheka. Kifua kilimjaa utamu. Kwa mara ya kwanza wao ndio walikuwa wanatamani, yeye ndiye wa kutamaniwa.

Halafu akamwona mmoja. Wa mwisho kwenye mstari, msichana, anashika jembe mkono wa kushoto ukiwa mbele. Na kabla ya kuliinua anapuliza viganja. Fuu, fuu. Ndipo anainua.

Hombolo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu aliyelima hivyo. Bibi yao alikuwa akimtania, "Frida, unalima au unapoza uji?"

Chumba kikajaa harufu ya udongo mbichi.

Simu ikaita. Alikuwa mama mkubwa.

"Devota, mwanangu... Frida ameanguka uani. Jua lilikuwa linazama. Anapumua, lakini haamki."

Kulipokucha Devota alikuwa Hombolo. Hospitali walimpima Frida kila kitu, wakasema hawaoni ugonjwa. Mchungaji akaja akaomba. Frida alilala kwenye godoro, macho nusu wazi, hamtazami mtu. Mama yake alikuwa anamkanda viganja kwa maji ya vuguvugu. Viganja vilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka. Chini ya kucha kulikuwa na udongo mwekundu.

"Hajanyanyuka hapa," mama mkubwa alisema taratibu. "Petro kaka yake kakaa naye muda wote. Sasa niambie, Devota. Nani kampeleka shamba?"

Lile neno *nani* lilimpita Devota mwilini kama maji ya baridi.

Aliporudi mjini alikwenda moja kwa moja nyuma ya maghala. Kina mama walikuwepo, ungo kwa ungo. Akamvuta pembeni mmoja wao, Sikudhani, mama mtu mzima, mcheshi, aliyezoea kununua chaja kwake.

"Mama Sikudhani, jioni nani anabaki hapa?"

"Nani abaki na baridi hii? Sisi tukiona jua jekundu tunaondoka."

"Nilimkuta bibi. Aliniuliza... anipunguzie nani."

Sikudhani akaacha kupepeta. Akatazama huku na huku.

"Ukamsahihisha?" alinong'ona.

"Ndiyo."

"Watoto wa shule nyie. Sisi tumekuzwa hivi: anayekuuliza *nani* saa za magharibi, humpi jina la mtu. Unamjibu *mimi na wangu wote*, basi, hawezi kuwachambua. Wewe ulimtajia mtu?"

"Nilikuwa naongea na simu."

"Na huyo uliyemtaja, aliitika?"

Devota akainamisha kichwa.

Sikudhani alivuta pumzi. "Kuna kitu ulipewa siku hiyo. Lazima ulipewa, hachukui bure. Kirudishe. Chote, kwa mkono wako mwenyewe, kabla ya mavuno. Akishavuna, aliyelima ni wake."

"Sikupewa kitu," Devota alisema.

Mnamsikia? Hakuna aliyemkaba shingo. Alisema mwenyewe.

Jioni akafungua kompyuta. Lilikuwa jambo dogo tu: kuna mahali unabonyeza, Bonde la Juu linafutika, nyumba na shamba na vyote. Akabonyeza. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika.

Kidole kikabaki hewani.

Uwele ulikuwa umefika kiunoni. Hamidu alikuwa ameleta watu wengine kutazama, wageni wasiojulikana, wamesimama na farasi wao ukingoni. "Huyu ndiye Devota," alikuwa anawaambia. "Hii yote ni yake." Hakuna aliyemtaja Frida. Siku nzima hakuna aliyemtaja.

*Kesho,* Devota akasema moyoni. *Waangalie leo tu. Kesho nafuta.*

Kesho yake uwele ulikuwa umefika kifuani. Akasema kesho. Petro alipiga simu, akasema Frida amebaki mifupa, haingizi hata uji. Devota alilia, wala hakuwa anaigiza. Akafungua kompyuta akilia, akamsogelea yule msichana wa mwisho wa mstari, akamwita polepole.

"Frida. Frida, ni mimi."

Majembe yakasimama yote.

Mstari mzima ukageuza nyuso.

Hawakuwa na macho ya kumjua mtu. Na yule msichana alimtazama kama unavyomtazama bosi, anasubiri aambiwe pa kuendelea. Halafu akapuliza viganja. Fuu, fuu. Akainama.

Hapo Devota alishika kipanya kwa mikono miwili. Akaenda kwenye kufuta. Mchezo ukauliza kama ana hakika, naye akajibu ndiyo, ndiyo, akabonyeza mpaka kidole kikauma. Lakini masuke ya uwele yalikuwa yamekomaa, na mvunaji alikuwa ameshaingia kutoka upande wa pili wa shamba, kanga hadi kwenye nyusi, ungo kichwani. Hakumtazama Devota. Alipita tu anakata.

Simu ya Hombolo iliita jua lilipogusa vilima.

Walimzika Frida kwao, pembeni ya mizabibu. Hamidu alikuja, alilia kuliko ndugu. Mwaka haujaisha wakakaa wakagawa vitu, kama desturi. Mstari wake wa mizabibu akapewa Petro. Vitenge na sanduku akapewa mama mkubwa, naye hajavivaa. Kompyuta yake ndogo akarithi mdogo wake wa mwisho, Miriam, lakini haiwashi jioni. Anasema jioni inapuliza pumzi, fuu, fuu, hata ikiwa imezimwa. Hamidu aliachiwa farasi wake wa Nchi, akamfungulia aende zake, akarudi Busi kulima mahindi.

Na Devota? Kikaoni aliulizwa achukue nini cha ndugu yake. Akasema asipewe kitu.

Lakini lile bonde halikufutika. Kila akifungua analikuta limelimwa, limepaliliwa, limevunwa. Na ndani ya nyumba ya Majengo, hata miaka ya njaa watu wanapopanga foleni ya mahindi, pipa la unga linakutwa limejaa mpaka mdomoni, unga wa uwele, na hakuna aliyekwenda mashine. Hicho ndicho alichorithi Devota: kulimiwa. Hajalala njaa mpaka leo.

Wala hajawahi kula akashiba.