Kabati la Upande wa Dirishani

Kila likizo Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo wenzake walimwonea wivu: kufuatana na mama yake na kubeba mkoba wa bisibisi. Jina la Chiriku alipewa na jirani, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na wateja nao wakamwita mama yake Mama Chiriku. Mama alikuwa fundi wa kabati za jikoni, zile zinazokuja vipande vipande ndani ya maboksi, pamoja na karatasi ya michoro na mfuko wa skrubu. Watu wengi hujaribu kuziunga wenyewe. Kisha milango inafunguka upande usiofaa, droo zinagoma, ndipo wanamkumbuka Mama Chiriku.

"Mimi ni daktari wa makosa ya watu," alipenda kusema, huku akicheka.

Alikuwa na desturi moja asiyoiacha. Kabla ya kupachika kabati lolote la juu, alishika kwa mikono miwili reli ya chuma inayobeba kabati ukutani, akakunja magoti, akaning'inia. Reli ikimbeba yeye, vyombo haviwezi kuishinda. Wateja walicheka kumwona mtu mzima akibembea ukutani, lakini yeye hakujali.

Siku hiyo walikuwa nyumbani kwa nesi mmoja aliyeishi na mama yake mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Jamaa aliyejiita fundi alikuwa amewafungia kabati za juu zikainama upande, na rafu moja aliigeuza nyuma mbele. Mama alizishusha zote, akapima ukuta upya kwa pimamaji na kutoboa matundu mapya. Bahati mbaya, kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeteguka na kufungwa bendeji. Drili aliishika kwa taabu, lakini kuning'inia hakuweza.

"Leo utaning'inia wewe, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Piga vishikizo vya plastiki kwenye matundu, kaza skrubu ndani yake, kisha vuta reli kwa uzito wako wote. Mimi niko sebuleni naunga droo."

Chiriku alivimba kichwa kwa furaha. Skrubu za kwanza ziliingia vizuri, zikauma ukuta barabara. Alipofika upande wa dirishani, mambo yakaharibika. Sehemu ile ya ukuta ilikuwa imezibwa zamani kwa lipu mbovu. Kishikizo kilicheza tunduni, skrubu ikazunguka bila kushika kitu, mchanga ukamwagika. Tundu la pili likawa vilevile.

Wakati huohuo kichwa kilichomoza dirishani. Alikuwa rafiki yake Kishindo, nahodha wa timu ya netiboli ya mtaa.

"Chiriku! Refa ameshika filimbi! Tukipungua mtu mmoja, tunatolewa!"

"Nakuja!"

"Hiyo nakuja yako ndiyo itatuponza. Njoo sasa!"

Chiriku alijua la kufanya. Alitakiwa kumwita mama, na mama angetafuta sehemu ya ukuta iliyo imara na kutoboa upya. Lakini hilo lingechukua muda, na mechi isingemsubiri. Alichana kipande cha boksi, akakikunja, akakigawa na kukishindilia kwenye matundu yote mawili. Skrubu zikaingia. Ukizitazama, hukuona tofauti yoyote na zile nyingine. Ilipofika zamu ya kuning'inia, aliigusa reli kwa ncha za vidole, miguu ikiwa imetulia juu ya stuli.

"Zimeshika zote?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Zimeshika!"

Mama alimwamini. Walipachika kabati, wakarudisha milango, na Chiriku akachomoka mbio kwenda uwanjani.

Timu yao ilishinda, lakini ushindi ule haukumkaa moyoni. Jioni alikula kimya, macho kwenye sahani.

"Chiriku kanyamaza?" mama alimtania. "Basi leo mvua itanyesha."

Alijilazimisha kutabasamu. Moyoni alijiambia kwamba boksi lile lilikuwa gumu, na kwamba labda lingeshika.

Asubuhi simu ya mama iliita. Alikuwa nesi, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mama Chiriku, umenipendezeshea jiko! Bibi amepanga humo sahani zake zote, hata zile nzito za udongo. Ila mlango mmoja wa upande wa dirishani umeanza kusuguana na mwenzake. Jana ulikuwa sawa kabisa."

"Hiyo ni bawaba tu, dada yangu. Nitapita kesho niikaze."

"Hamna haraka. Mimi naingia kazini, Bibi yupo nyumbani."

Mama alikata simu, akakunja uso. "Ajabu," alisema. "Mlango uliokuwa sawa hauhami wenyewe. Kama reli isingejaribiwa, ningesema kabati linashuka." Alimgeukia binti yake. "Lakini wewe uliivuta."

Chiriku alipiga hesabu haraka. Akisema ukweli, mama hatamwachia tena hata bisibisi, na watu watasema Mama Chiriku siku hizi analipua kazi. Akinyamaza, pengine hakuna atakayejua. Ndipo akamkumbuka Bibi, na kile kigoda chake alichokiweka jikoni, karibu na dirisha, penye mwanga wa kuchambulia maharage. Kigoda kile kilikuwa chini ya kabati lilelile.

"Mama," alisema. "Sikuivuta."

Mama hakupiga kelele. "Upande gani?"

"Wa dirishani. Matundu yalibomoka. Nilijaza boksi."

Mama tayari alikuwa ameushika mkoba. Alimpigia nesi, simu ikaita bila kupokelewa. Akajaribu tena, kimya. Hawakusubiri zaidi. Walikwenda mbio, mama mbele na Chiriku nyuma, na njia nzima Chiriku alikuwa akiomba wasichelewe.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, ungo mapajani. Juu ya kichwa chake, kabati lilikuwa limeachana na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, na vumbi la lipu limetapakaa kwenye sinki.

"Bibi, toka hapo!" mama alisema kwa nguvu.

Bibi alikuwa mzito wa kusikia. "Karibuni, karibuni! Mbona mnahema hivyo?" Aliweka ungo chini, akasimama, akanyoosha mkono kuelekea mlango wa kabati. "Ngoja niwatolee vikombe, mnywe chai."

Chiriku aliruka, akaudaka mkono ule kabla haujafika. "Samahani, Bibi! Usiguse!" Akamvuta hadi penye mlango, huku Bibi akishangaa utovu gani huu wa adabu.

Mama alikuwa ameshaingia chini ya kabati, akaliegemeza begani. Ukutani kukasikika mlio mkavu, na mchanga ukamdondokea usoni.

"Panda stuli, toa vyombo," alisema taratibu. "Anza na vizito, huku dirishani. Usitikise kitu."

Chiriku alipanda. Alichukua sahani ya kwanza, akampa Bibi, ambaye sasa alikuwa ameelewa na kusogea kupokea. Sahani baada ya sahani. Jasho lilimtiririka mama, mkono wake wenye bendeji ukawa unacheza. Chiriku alitamani kulia, ila alijua akilia hataona anachokishika. Alipotoa bakuli la mwisho, skrubu zilichomoka, na kipande cha boksi kikadondoka sakafuni. Wote watatu walisaidiana kulishusha kabati, likatua juu ya meza bila kuvunjika.

Wakati huo nesi aliingia akikimbia, bado na sare yake. Alikuwa ameona simu alizokosa. Alitazama ukuta, akamtazama Bibi mwenye vumbi kichwani.

"Mama Chiriku! Si uliniambia kila kitu kimejaribiwa?"

"Nilisema hivyo," mama alijibu. "Fundi ni mimi. Kosa ni langu."

Chiriku alihisi maneno yale yamemchoma. "Si lake, anti," alisema. "Ni mimi niliyejaza boksi. Mama aliniuliza, nikamdanganya. Nilikuwa nawahi mechi."

"Unajua huyu ni nani?" nesi aliuliza, akimnyooshea Bibi mkono. "Huyu ndiye mama yangu. Na hapo ndipo anapokaa kutwa."

Chiriku alilia kwelikweli, na hakuna aliyemnyamazisha.

Baada ya Chiriku kujifuta machozi, mama alimpa penseli. Walienda wakigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, wakisikiliza panapolia wazi na panapolia pamejaa. Walipolipata tofali zima, mama aliweka alama, akatoboa. Vishikizo viliingia kwa kubana. Skrubu ziliuma.

"Ning'inia," alisema mama.

Chiriku aliishika reli, akainua miguu yote miwili. Reli haikusogea.

"Mwache abembee hapo mpaka achoke," alisema Bibi, na nesi akashindwa kujizuia, akacheka.

Mama alimsogelea binti yake. "Sikiliza, mwanangu. Tundu kubomoka si kosa. Yamenibomokea mimi mengi, na yataendelea kunibomokea. Kosa lilikuwa lile neno lako, 'zimeshika.' Ukinionyesha tundu bovu, natoboa jingine. Ukinificha, nitatoboa wapi?"

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Leo asubuhi ulisema ukweli wakati uongo ulikuwa rahisi zaidi, na ndiyo maana Bibi yuko hapa anatucheka. Ila usingoje tena mpaka kesho yake. Ukweli ukichelewa, unaweza kukuta watu wameshaumia."

Walipokwisha kupachika kabati na kunyoosha milango, nesi alisimama na sahani mkononi. Hakumtazama mama. Alimtazama Chiriku.

"Zimeshika zote?"

Chiriku alisogeza stuli, akapanda. Alipenyeza vidole nyuma ya kabati, akakagua skrubu moja moja, mwanzo hadi mwisho. Akashika kingo za kabati kwa mikono miwili, akavuta kwa uzito wake wote. Ndipo akashuka na kumgeukia nesi.

"Zimeshika, anti."

Nesi alimkabidhi Bibi sahani ya kwanza aipange.