Koki ya Jikoni Iliyomwondoa Shemeji Yangu

Nina miaka ishirini na mbili. Nilimaliza darasa la saba hapa Bariadi, sikuendelea. Ni mtu wa aibu tangu utoto, na haya nimeyaandika kwa siku nyingi, nikifuta na kuanza upya... Wasomaji wenzangu, mnivumilie.

Miaka mitatu iliyopita niliishi Somanda kwa kaka yangu Masanja na mkewe, Milembe. Shemeji alinilea kama mdogo wake. Nilipoogopa hata kuomba chumvi alinitania, "Shemeji, na mchumba tukutafutie kwa barua?"

Walikuwa na shamba la pamba Nkoma, kwao shemeji. Wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, wakishindana kwa bei, hivyo watu walikaa na pamba ndani wakingoja. Yetu ilirundikwa sakafuni, chumba kinachofuata jiko.

Maduka nayo yalijaa vitu vipya. Koki ya jikoni ilikuwa kuukuu, inadondosha maji kila yakija. Kaka akanunua nyingine inayong'aa, si ya kuzungusha, ni ya kusukuma kwa kidole. Akaniagiza nimwite fundi. Fundi yule alishinda kijiweni na vijana wenye maneno mengi. Nilifika kwenye kona, nikawasikia wakicheka, nikarudi. Nikaamua kuifunga mwenyewe.

Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika, kama kawaida ya mtaa wetu, kwa hiyo sikujisumbua kufunga koki kubwa ya nje. Niliazima spana, nikang'oa ile ya zamani. Mafundi huzungusha katani kwenye maungio ili yasivuje. Sikuwa na katani. Nikachomoa pamba kwenye lundo, nikaisokota, nikaizungusha, nikakaza. Kwetu mtu akikosa kitu, si hushika pamba? Kisha nikasukuma mkono wa koki juu, nikasukuma chini. Bomba kavu halikuambii kama liko wazi. Nikauacha juu, kumbe ndiko kufungua.

Jumapili tulikwenda kanisani. Nilitangulia kurudi ili niinjike maharage... Maji yalikuwa yamerudi. Yalifurika kutoka kwenye sinki, yalichuruzika pale nilipozungusha pamba, yakapita chini ya mlango hadi kwenye lundo.

Nilikimbia kufunga koki ya nje. Nilikausha sakafu kwa matambara. Pamba iliyolowa nikaichanganya na kavu, nikijipa moyo kwamba itakauka. Bomba nikalifunga upya kwa nyuzi za gunia la katani ambalo kumbe lilikuwa palepale jikoni siku zote. Waliporudi, shemeji akaisifu koki mpya. Mimi nikaendelea kuchochea moto wa maharage.

Kesho yake asubuhi shemeji alishindilia magunia, nasi tukayapeleka kwa mnunuzi. Kaka alikuwa mtu wa kuaminika, pamba yake hupimwa bila kukaguliwa. Siku hiyo mnunuzi alitia mkono katika gunia la tatu, akautoa umelowa.

"Masanja, hata wewe unainywesha pamba maji iongeze uzito?"

"Kumbe pamba ya Masanja nayo huenda lamboni kunywa maji na ng'ombe," mtu mmoja akasema. Foleni nzima ikacheka. Kaka alitazama chini. Nami nilitazama chini.

Wiki moja kabla, shemeji alikuwa amelalamika kuhusu mizani. "Wanatuibia hawa. Na sisi tuinyweshe kidogo, tutoshane." Sote tulicheka. Sasa kaka aliyakumbuka maneno yale. Tulipofika nyumbani alimuuliza mkewe kwa nini amemtia aibu.

"Sijaimwagia maji," shemeji alisema.

"Magunia ulishindilia wewe. Ni nani basi?"

Shemeji aliniangalia mara moja tu. Niliinama, nikaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka... Baada ya siku nne za kutosemezana na mumewe, alichukua nguo zake akarudi Nkoma.

Nilikaa na jambo hili miezi miwili. Nilipomwambia kaka hatimaye, hakunipiga. Alisimama, akasema, "Vaa, twende."

Huko Nkoma shemeji alitupatia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa. Nikaeleza yote mbele ya baba yake. Shemeji akanisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji, wewe nimekusamehe. Siku ileile ya ugomvi niliona alama ya maji ukutani, nikajua. Nilingoja useme." Kisha akamwonyesha kaka kwa kidevu. "Huyu nimeishi naye miaka sita. Ameamini utani wangu kuliko neno langu. Nirudi kufanya nini?"

Hakurudi. Kaka aliomba, wazee wakaenda na kurudi, ikashindikana. Mwaka uliofuata ng'ombe wa mahari walirudishwa, na mimi ndiye niliyetumwa kuwaswaga kutoka Nkoma. Nilitembea nyuma yao kutwa nzima. Shemeji alinifungulia zizi mwenyewe, akaniambia nisiwakimbize, mmoja ana mimba.

Ndugu msomaji, kuharibu kitu si kosa kubwa. Kosa ni kumwacha mwingine abebe. Kama una aibu kama yangu, sema hata kwa sauti ya kutetemeka, lakini sema siku ileile. Mimi nilihitaji maneno matatu tu: ni mimi, kaka. Niliyasema baada ya miezi miwili, yakawa hayana kazi tena.