Jini Lisilo na Kwao

Harufu ya siki ndiyo iliyotangulia. Jenipha aliisikia chumbani asubuhi moja akimwogesha mwanawe Amoni, kichanga ambaye kitovu chake kilikuwa bado hakijakauka. Akadhani jirani amemwaga chupa, akafungua dirisha. Harufu ikazidi, maana ilikuwa inatoka humo humo ndani. Na katika nyumba ile ya mtaa wa Somanda, Bariadi, hakuna aliyewahi kununua siki. Kachumbari yao ilikuwa ya limau.

Mchana akanywa uji. Katikati ya kikombe ulimi ukanasa kitu. Akakivuta kwa vidole, kikaja, kikaendelea kuja: unywele mweusi ulionyooka, uliolowa, mrefu kuliko mkono wake, na ncha yake bado iko kooni. Alitapika mpaka nyongo. Nyumba nzima wananyoa vipara!

"Zengo," alimnong'oneza mumewe, "humu ndani kuna kitu."

"Uchovu wa uzazi huo, mama Amoni."

Mwongo mkubwa. Alikuwa ameshaanza kujua, ila aibu ilimziba mdomo.

Zengo ana kibanda cha kutoa kopi karibu na hospitali. Jumapili baada ya misa yeye na wenzake walikuwa wakifunga mlango na kucheza mchezo wa mezani wa kutisha, wenye dadu na kitabu kinene kutoka ng'ambo. Kila mchezaji anajifanya mtu aliyenaswa kwenye kasri la Ulaya, na Zengo, msimuliaji wao, anaigiza mizimu yote. Humo kitabuni kila bwana wa kasri alikuwa na jina, baba, babu na sababu ya kulaaniwa. Asia nzima ilipewa kurasa chache za mwisho, na ndani yake mzimu mmoja: "Mwanamke wa Mashariki." Basi. Jina hana, mama hana.

Zengo akaona mzimu huyo amepoa mno. Akachokonoa simu, akamwongezea. Nywele za kufunika uso akazitoa Japani. Kurukaruka kama maiti iliyokakamaa, China. Miguu iliyogeuka nyuma, India. Na kichwa kinachochomoka shingoni kikaburuta utumbo, kinacholowekwa kwenye siki na kunusa vichanga, hicho akakitoa kwa Wamalei wa Malaysia. Akavikoroga vyote, akamsukumia mwenzao Kirit aigize sauti.

"Kwa nini mimi?" Kirit aliuliza. Kirit ni Mhindi wa Bariadi. Babu yake alikuja kwa kazi ya kuchambua pamba, na Kisukuma chake kinakipita cha Zengo.

"Si ndiyo wa kwenu hawa!"

"Wa kwetu akina nani? Umechukua wafu wa mataifa manne ukawapika chungu kimoja. Hata jina hujampa. Wangewafanyia hivyo wafu wenu mngecheka?"

"Wote Waasia, bwana. Mchezo tu!"

Wenzao wakaangua kicheko. Kirit akaweka dadu chini, akatema mate nje ya mlango, akaenda zake. Zengo akaigiza mwenyewe, akibana pua na kukatakata maneno, wakacheka mpaka machozi. Ptuu! Hata kusimulia kunatia kinyaa.

Kesho yake asubuhi Maximiliana, mama yake Zengo, alikuwa akifagia uwanja. Akasikia salamu langoni: "Mwangaluka."

Kwa Wasukuma salamu haiachwi ianguke chini. Unaitikia, kisha unamuuliza mgeni ni mtoto wa nani, na akishajibu ukamwambia ingia, huyo ni wako kumtunza.

"Mwangaluka," aliitikia bila kuinua mgongo. "Ng'wana nani?"

"Ng'wana Zengo." Mtoto wa Zengo.

"Haya, ingia." Ndipo akainuka. Hapakuwa na mtu.

Bibi akajua mwanawe amezaa nje. Akaimeza siri hiyo, mzazi asije akakasirika maziwa yakakauka. Lakini ule unywele ulipotoka kooni mwa mkwewe, uvumilivu ukamwisha.

"Zengo, mtoto wako wa nje umemficha wapi? Na mama yake anatuloga?"

Zengo akaketi chini pale pale, akaeleza yote. Jenipha hakumpigia kelele. Alimkazia macho tu, akamkumbatia Amoni, ambaye kitovu chake badala ya kukauka kilikuwa kinalowa, na mashavu yanabonyea.

Adhuhuri iliyofuata, jua likipasua bati, alijilaza na mtoto ndani ya chandarua. Akasikia tone. Kisha lingine. Akafumbua macho, na juu yake, darini, ukaning'inia uso uliofunikwa nywele, na chini ya ule uso palipotakiwa kuwa na shingo palikuwa na utumbo, mbichi, wa kijivu, unaochuruzika siki na kitu kizito kama kamasi, ukishuka taratibu juu ya chandarua, ukipapasa, ukitafuta tundu, ukalipata, ukajipenyeza, ukateleza juu ya paja la Jenipha, wa baridi, wenye vinywa vidogo vidogo vinavyofumba na kufumbua, mpaka ukafika kwenye kitovu cha mtoto ukaanza kunyonya, na Jenipha akataka kupiga yowe lakini mdomo wake ulikuwa umejaa nywele.

Maximiliana aliingia na fagio, na lile dude likajikunja darini kwa mlio kama wa matope yanayokanyagwa.

Wakamleta Milembe, mganga wa Nkololo, mama mnene asiyependa mzaha. Aliposikia habari za utumbo akazungushia kitanda miiba ya mgunga ili unase. Ulishuka ukanasa kweli, ukapinda na kutoa usaha. Jenipha akaanza kumshukuru Mungu. Hapo zikashuka nywele, zikauchomoa utumbo mwiba kwa mwiba, polepole, kama mama anavyomtoa mwanawe kibanzi.

"Wewe nani?" Milembe aliuliza. "Wa wapi? Unataka nini?"

Jibu likaja kwa sauti ile ile ya Zengo ya mezani, ya kubana pua. "Jina sina. Kwetu sijui. Muulizeni baba."

Milembe alitema mate. "Jini lina kwao, ukipajua unalirudisha. Hili mmelishona vipande! Mtafuteni mwenye wafu hawa aje achukue wake."

Zengo akamwendea Kirit, akapiga magoti mbele ya watu. Kirit alikuja kwa ajili ya mtoto.

"Miguu ndiyo ya kwetu," alisema. "Bibi yangu alitueleza. Ni mwanamke aliyekufa akijifungua, waliomzunguka hawakumjali. Alionewa yule. Hakuwa wa kuchekwa."

Akaketi kando ya kitanda, akazungumza naye Kigujarati kwa sauti ya chini, mpaka machozi yakamtoka. Wakasikia hatua zikipita. Uwanjani, kwenye vumbi, nyayo zilielekea langoni, visigino mbele. Zikaishia barabarani.

Zengo akamshika mkono. "Na vipande vingine, ndugu yangu?"

"Sivijui. Mimi mtu wa Bariadi! Uchina nitaijulia wapi? Mpaka leo hujajifunza tu?"

Darini siki ikaanza kudondoka tena. Milembe alikuwa anakusanya miiba yake.

"Lililobaki mzazi wake ni mmoja," alisema, "na langoni limekwishaulizwa, likajibu, likakaribishwa. Mtoto wa nyumba hafukuzwi. Hulishwa. Chagueni tu nani atalilisha."

Jenipha hakusubiri. Jioni hiyo alimbeba Amoni akaenda kwao Mwamanyili, na huko kitovu kimekauka, mtoto amenona. Zengo alibaki. Kila adhuhuri anafunga kibanda, anarudi, analala chali ndani ya chandarua, anafunua shati. Wateja wanaziba pua wakipokea kopi zao.

Maximiliana naye amebaki. Hawezi kumwacha mwanawe. Kila asubuhi akifagia, hapo dirishani panatoka salamu. Salamu haiachwi, basi anaitikia, na kila mara anauliza, akitumaini siku moja anayesalimu atakuwa Zengo mwenyewe, ajibu ng'wana Magese, maana Magese ndiye marehemu mumewe, baba yake Zengo.

Wiki iliyopita kibanda hakikufunguliwa. Dirishani ikatoka sauti nzuri, isiyobana pua, ya mwanawe kabisa: "Mwangaluka, mayu." Mayu, yaani mama! Bibi akadondosha fagio kwa furaha.

"Mwangaluka, baba! Ng'wana nani?"

Pazia likasogezwa na nywele.

"Ng'wana Zengo."